Mitungi 31 iliyokwisha muda: uchambuzi wa kisa cha ghala moja la Tanga

Mwezi Machi 2023 niliitwa kwenye ghala moja lililo karibu na bandari ya Tanga, ghala ambalo kwa miaka mingi lilihifadhi mkonge, baadaye likakodishwa kwa shughuli za kila aina, na wakati huo lilikuwa linabadilisha mmiliki. Kazi niliyopewa ilielezwa kwa sentensi moja: kusimamia uondoaji wa mitungi ya kuzimia moto iliyokwisha muda, ambayo ilikuwa imerundikwa katika chumba cha nyuma, ili mmiliki mpya akabidhiwe jengo safi. Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu karibu kila kosa linaloweza kufanywa kwa mtungi wa zamani lilikuwa ama limekwisha kufanyika siku niliyofika au lilikuwa mbioni kufanyika, na waliokuwa wakilifanya hawakuwa watu wazembe hata kidogo. Walikuwa wakifuata neno moja tu, nalo ndilo lililowapotosha.

Neno lenyewe nilikutana nalo mlangoni. Mtunza ghala, mzee mtaratibu aliyeijua kila kona ya jengo lile, alinipokea kwa heshima na kuniambia, "Dada, usijisumbue sana. Mitungi yenyewe imeshakufa zamani, hapo kilichobaki ni chuma tu." Ndivyo tunavyosema sote. Betri imekufa, saa imekufa, mashine imekufa, na kitu kilichokufa hakina nguvu tena ya kumdhuru mtu. Lakini tarehe iliyoandikwa kwenye lebo ya mtungi wa kuzimia moto haisemi kwamba kilichomo kimetoweka. Inasema tu kwamba kuanzia siku hiyo hakuna anayeweza kukuhakikishia kuwa mtungi utazima moto ukiuhitaji. Gesi iliyoshindiliwa ndani haisomi lebo, na chuma kinachoizuia kinazidi kula kutu kila mwaka, kwa hiyo mtungi wa zamani una presha ileile, au sehemu yake, nyuma ya ukuta ulio dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ulipotoka kiwandani.

Nilipoingia uani niliwakuta vijana wawili wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mmoja alikuwa ameubana mtungi wa poda wa kilo 6 katikati ya magoti yake, na mwenzake alikuwa ameshika spana ya mabomba, ameiuma kwenye kichwa cha mtungi na anaegemea mpini wake kwa uzito wote wa mwili. Uso wa yule wa kwanza ulikuwa juu ya kichwa cha mtungi, umbali wa shibiri mbili hivi. Niliwaomba waache, nao waliacha, ila walishangaa, na maelezo yao yalikuwa na mantiki kamili: walikuwa wamekwisha kuchomoa pini na kubonyeza mpini na hakikutoka kitu, na sindano ya geji ilikuwa imelala kwenye sifuri. Kwa nini basi mtu aogope?

Majibu yako mawili, na yote mawili yalithibitika siku iliyofuata. La kwanza ni kwamba poda ikikaa miaka mingi bila kutikiswa, hasa pwani ambako hewa ni nzito kwa unyevu, hushikana ikawa donge gumu chini ya mtungi, palepale linapoishia bomba la ndani ambalo poda hupitia kwenda nje. Ukibonyeza mpini, njia imezibwa, hakuna kinachotoka, na presha yote inabaki juu ya donge ikisubiri. La pili ni kwamba geji ndogo ya mtungi ni kifaa cha bei rahisi ambacho nacho huota kutu, na sindano yake inaweza kukwama popote, iwe kwenye rangi ya kijani au kwenye sifuri.

Mtungi wa poda wenye presha ya kudumu hujazwa kwa kawaida hadi kati ya bar 12 na 15, yaani kama mara saba ya presha ya tairi la gari dogo. Shingo yake mara nyingi ina upana wa milimita 30. Ukipiga hesabu, bar 14 zinakisukuma kichwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100 hivi, na hata kama nusu ya presha imevuja, zinabaki kilo 50 zinazosubiri uzi wa mwisho wa hesi ufunguke. Kwa mtungi wa kaboni dioksidi, gesi ambayo wengi huiita hewa ukaa, hesabu ni nyingine kabisa: kwenye joto la nyuzi 20 presha yake ni bar 57, na chini ya bati la ghala lililopigwa na jua mchana kutwa, joto likifika nyuzi 45, hupanda kupita bar 100. Mtungi huo kwa kawaida hauna hata geji ya kukudanganya.

Ni muhimu kueleza kwa nini vijana walianza na kichwa badala ya mwili, kwa sababu hapo ndipo hatari ya biashara hii ilipo. Kichwa cha mtungi kina vali ya brasi, na brasi kwenye mizani ya vyuma chakavu ina bei ya juu kuliko chuma. Anayejua kazi yake anaitenga kwanza. Kwa hiyo soko lenyewe linamsukuma kijana mwenye spana aanze na kitendo kilicho cha hatari kuliko vyote, tena akiwa ameinama juu yake. Sikuona haja ya kumkaripia mtu. Nilimwita mnunuzi, nikamwahidi mbele ya mtunza ghala kwamba chuma na brasi vyote vitakuwa vyake kwa bei waliyokubaliana, ila atavipokea vikiwa vimefunguliwa na kutobolewa, na kwamba vijana wake wapumzike hadi nitakapompigia simu. Alikubali. Nina hakika kwamba kama ningempokonya mali bila ahadi ile, mitungi ingetoka usiku.

Baada ya hapo tulihesabu. Ilikuwa mitungi 31: ya poda 17, ya hewa ukaa 7, ya povu 4, miwili ya rangi ya kijani, na mmoja wa shaba, mrefu, wenye misumari ya kubana pembeni, ambao bila shaka ulikuwa wa enzi za mashamba makubwa ya mkonge. Kila mmoja ulipewa namba kwa chaki na mstari wake kwenye daftari: aina, mwaka uliogongwa kwenye chuma, uzito, na hali ya kitako. Utambuzi huu ndio ulionichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote, na ningeweza kuurudia kesho bila kujuta. Lebo nyingi zilikuwa zimeliwa na mende, hivyo rangi ndiyo iliyosaidia. Kabla ya 1997 utaratibu wa Uingereza, uliotufikia pamoja na mitungi yenyewe, ulipaka mwili mzima rangi ya kilichomo: mwekundu kwa maji, krimu kwa povu, mweusi kwa hewa ukaa, buluu kwa poda na kijani kwa haloni, gesi ya zamani ya kuzimia moto. Baadaye mwili wote ukawa mwekundu na rangi ya kitambulisho ikabaki utepe mdogo. Mtu aliyezoea mitungi ya leo anaweza kuuona mtungi wa kijani akadhani ni wa mapambo.

Siku ya pili alikuja fundi wa mitungi kutoka kampuni yenye kibali cha kazi hiyo, na kuanzia hapo mimi nilikuwa msimamizi na mwandishi wa daftari tu. Tulianza na hewa ukaa. Kwa kuwa haina geji, hupimwa kwa mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa begani mwake, na kinachozidi hapo ni gesi. Tulitumia mizani ya ghala. Mtungi wa kwanza ulileta uzito usioingia akilini hadi tulipokumbuka kuvua mpira na mdomo wake mpana ulio kama tarumbeta, pini ikiwa imefungwa kwa waya mahali pake. Baada ya hapo ulisoma kilo 15.4, na begani palikuwa pamegongwa 10.6. Kilo 4.8 za gesi, kwenye mtungi uliokwisha muda mwaka 2009. Gesi hiyo ikifunguliwa inajaa karibu mita za ujazo 2.7, na chumba cha nyuma kilichohifadhi mitungi kilikuwa na upana wa mita 3 kwa 3 na kimo cha mita 2.5. Mtungi mmoja tu ungepasuka au kufunguliwa mle ndani mlango ukiwa umefungwa, zaidi ya sehemu 10 katika kila 100 za hewa zingekuwa hewa ukaa, na kiwango hicho humwangusha mtu na kumpotezea fahamu ndani ya dakika chache. Mzee alikuwa na mazoea ya kulala mchana katika chumba kile kwa sababu kilikuwa na kivuli. Nilipomweleza hesabu hiyo alinyamaza kwa muda, kisha akaenda mwenyewe kutoa mkeka wake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau: si kila mtungi uliokwisha muda unastahili kuharibiwa. Mitungi ya hewa ukaa imetengenezwa kuhimili kipimo cha presha ya maji, na ikifaulu hujazwa upya na kurudishwa kazini. Kati ya ile saba, mitatu ilikuwa na mwili safi. Fundi aliichukua karakanani, ikapimwa, ikafaulu. Minne ilikuwa imesimama miaka mingi kwenye saruji yenye chumvi, na vitako vyake vilikuwa na pete ya kutu iliyotoka magamba kwa ukucha wa kidole. Hiyo ilifunguliwa pale pale, mmoja mmoja, mahali pa wazi ambapo gesi hiyo, iliyo nzito kuliko hewa, isingetuama kwenye mtaro wala shimo. Kila mtungi ulifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, mdomo wake mpana ukiwa umerudishwa, na fundi alivaa glavu nene kwa sababu kinachotoka huganda kuwa theluji yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, inayobabua ngozi kama moto.

Poda ndiyo iliyokuwa nyingi. Tuliianza asubuhi mapema, kabla upepo wa kaskazi haujachangamka, kwa kuwa poda hiyo ni laini kama unga wa dengu na ikipeperuka huingia machoni na kifuani mwa jirani ambaye hakuombwa ruhusa. Mitungi mitano ilikuwa ya aina yenye kichupa kidogo cha gesi ndani yake. Mwili wake hauna presha hadi mtu agonge kitufe, hivyo kichupa ndicho kinachotolewa kwanza na kuwekwa kando. Ile kumi na miwili iliyobaki ilikuwa na presha ya kudumu, na njia ya kuitoa ni kuupindua mtungi kichwa chini ili mdomo wa bomba la ndani ubaki kwenye gesi badala ya poda, kisha mpini unabonyezwa polepole huku mpira ukielekezwa ndani ya mfuko uliofungwa. Tulipofika kwenye ule mtungi wa vijana wa spana, fundi aliupindua, na sote tukasikia donge likiteleza na kugonga kwa ndani, kitu kizito kama tofali. Alipobonyeza mpini, gesi ilifoka kwa mlio mkali uliodumu sekunde kadhaa. Sindano ya geji muda wote huo ilikuwa palepale kwenye sifuri.

Mitungi miwili haikutoa kitu kwa upande wowote. Hatukuigonga wala kuilazimisha. Ilifungwa ndani ya sanduku lenye mchanga na kupelekwa karakanani, ambako mtungi hubanwa kwenye mtambo na kichwa hulegezwa kidogo kidogo na mtu aliyesimama pembeni, akisikiliza mlio wa gesi inayotafuta njia kwenye uzi wa hesi. Hiyo si kazi ya uani.

Mzee aliiona poda ikikusanyika, zaidi ya kilo 100, akaomba apewe akaimwage kwenye minazi yake. Ombi hilo halikuwa la kijinga. Poda inayotumika kwa moto wa aina nyingi hutengenezwa kwa chumvi ya fosfeti ya amonia, ambayo ni ndugu wa mbolea tunayonunua dukani, na ziko nchi ambako husafishwa na kurudishwa shambani. Nilikataa kwa sababu mbili. Poda ya mtungi imepakwa silikoni ili isinyonye maji, na yetu ilikuwa imechanganyika na vumbi la kutu. Tena mvua za masika zilikuwa mlangoni, na zingeisomba nyingi hadi kwenye mikoko. Sababu ya pili ni kwamba mitungi minne kati ya ile 17 ilikuwa na poda ya aina nyingine, ya baikaboneti, inayofanana kabisa na ya kwanza kwa macho. Poda hizi mbili zikikutana mahali penye unyevu hupambana, moja ikiwa na asidi na nyingine ikiwa kinyume chake, na hutoa hewa ukaa. Ukizitia kwenye pipa moja na kulifunga kifuniko, umejitengenezea bomu jipya kutokana na mabaki ya mitungi ya zamani. Tuliziweka kwenye mapipa mawili, kila moja na maandishi yake, na zikachukuliwa na msafirishaji wa taka hatarishi mwenye kibali.

Povu lilikuwa lita 36 tu, lakini ndilo lililonikosesha usingizi. Povu la zamani la kuzimia moto wa mafuta lilitengenezwa kwa kemikali za jamii ya florini ambazo haziozi, hazichakai, na hukaa ndani ya damu ya binadamu kwa miaka. Moja kati ya hizo, PFOS, iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa dhidi ya kemikali sumu zisizooza, mwaka 2009, na nyingine, PFOA, mwaka 2019. Lebo za mitungi yetu zilikuwa zimefutika, kwa hiyo tulichukulia kwamba kemikali hizo zimo. Mtaro wa ghala lile unakwenda moja kwa moja baharini, na njia ya kawaida ya kuondoa mtungi wa povu mahali pengi ni kuumwaga kwenye mtaro na kuusuuza kwa maji. Tulilihamisha povu lote kwenye pipa la plastiki, pamoja na maji ya kusuuzia, ambayo mtu anaweza kudhani ni safi wakati si safi.

Ile mitungi miwili ya kijani ilinihuzunisha. Mmoja ulikuwa mwepesi mno. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba wiki moja kabla vijana wa ghala waliujaribu uani waone kama bado unapuliza, ukapuliza vizuri, bila harufu kali wala uchafu, wakafurahi. Kilichopuliza ni haloni 1211. Kilo moja ya gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni kwa kiasi sawa na kilo tatu za gesi ya CFC-11, ile iliyotumika zamani kwenye mitambo ya ubaridi. Kwa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, iliyotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987 na ambayo sekretarieti yake ipo Nairobi, utengenezaji wa haloni ulikoma mwaka 1994 kwenye nchi zilizoendelea na mwaka 2010 kwenye nchi kama zetu. Kwa hiyo haloni ya kuzimia moto iliyobaki duniani ni ile iliyotengenezwa zamani, kama iliyomo kwenye mitungi ya namna hii, na bado ina thamani, kwa kuwa ndege zingali zinaihitaji. Haimwagwi, haipulizwi, haitobolewi. Mtungi wa pili ulikuwa mzima, wa kilo 2.5, nasi tuliuandikia barua kwenda Ofisi ya Makamu wa Rais, ambako masuala ya ozoni yanasimamiwa, tukaufungia kwenye kabati mahali pa baridi. Ule uliopulizwa tuliuweka pamoja nao, kwani mtungi wa haloni ulio mwepesi bado una mvuke wake ndani.

Mtungi wa shaba nusura usahaulike, kwa sababu kila aliyeuona aliusifia. Ni wa aina ya soda na asidi: ndani mna maji yaliyoyeyushwa baikaboneti, ndiyo soda yenyewe, na juu yake huning'inia chupa ndogo ya kioo yenye asidi ya salfa. Mtungi ukipinduliwa, asidi humwagikia soda, gesi hutokea ghafla na kusukuma maji nje, na kama mdomo umeziba, hupasua mwili uliodhoofika. Vijana walikuwa tayari wameanza kuuinamisha ili ubebeke vizuri. Fundi aliusimamisha taratibu, akafungua kifuniko, akatoa chupa ikiwa nzima na kimiminika kikiwa bado kinaonekana nyuma ya ukungu wa kioo. Asidi ilimiminwa kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji, kisha ikatulizwa kwa baikaboneti hadi ilipoacha kutoa mapovu. Mzee aliomba abaki na mtungi ule kwa kumbukumbu, na kwa hilo sikuwa na pingamizi.

Mitungi 25, iliyokwisha kufunguliwa, ilitolewa vichwa, na kila mwili ukatobolewa matundu mawili kwa drili. Tundu hilo lina kazi mbili. Linamhakikishia mwenye grenda kwamba hakuna kitu ndani, na linazuia mtungi kupakwa rangi upya, kubandikwa lebo mpya na kuuzwa barabarani kwa mwenye gari anayetafuta chochote chekundu cha kumwonyesha askari. Nimewahi kuona mitungi ya namna hiyo ikining'inia nyuma ya kiti cha dereva kwenye gari la abiria, mitupu kabisa, na watu 30 nyuma yake.

Mnunuzi alikuja jioni ya siku ya sita na vijana wale wale wawili. Brasi ilipimwa peke yake, chuma peke yake, na akalipa kama tulivyokubaliana. Yule kijana aliyekuwa ameubana mtungi kwa magoti hakupakia kitu kwa haraka. Aliinua kila mtungi kuelekea jua, akachungulia tundu mpaka alipoona mwanga upande wa pili, ndipo alipoulaza kwenye mkokoteni.